Daftari la Akina Mama

Mwezi huu nataka kuwaandikia habari za jambo ambalo wengi hudhani ni la dunia tu wala si la Kanisa, yaani vyama vya ushirika vya akina mama wa vijijini, na namna ya kuwafundisha waviendeshe wenyewe. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika nyumba nyingi za Wakristo, daftari za shule, sabuni na dawa za watoto hutoka katika fedha ya mama. Ya pili, mimi mwenyewe nilikosea katika jambo hili, na kosa la mmoja likielezwa kwa kweli laweza kuwa taa kwa mwingine.

Huku kwetu mlimani Kilimanjaro kila mtu ajua desturi ya kihamba. Tangu zamani kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, lakini ndizi na maziwa vilikuwa mikononi mwa mama. Ng'ombe hachungwi, maana nafasi ni haba. Hukaa zizini, na mama ndiye amleteaye chakula. Mara nyingi hushuka mpaka tambarare kukata majani, kisha hupanda mlima na mzigo kichwani. Maziwa yapatikanayo kwa jasho hilo, sehemu hunywewa na watoto, na sehemu huuzwa.

Kahawa ilipata chama mapema. Mwaka 1925 wenyeji wapandao kahawa walianzisha chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na muungano wa vyama vya ushirika ujulikanao kwa jina la KNCU. Sifa zake zilienea mbali, na kwa haki. Lakini aliyeandikwa katika daftari la chama alikuwa mwenye kahawa, naye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mama alichuma, akabeba, akaanika. Ila jina lake halikuandikwa. Basi kwa miaka mingi baba zetu walijifunza habari za mizani, stakabadhi, mkutano mkuu na kura, wala mama zetu hawakujifunza. Si kwamba walikosa akili, hawakuitwa.

Ndipo mwaka 1988 wanawake wa Nronga, huko Machame katika wilaya ya Hai, walipoanzisha chama chao cha maziwa. Kabla ya hapo mtu mmoja mmoja alitafuta mnunuzi kwa njia yake, na maziwa yasiyopata mnunuzi yaliganda. Wao walikubali kuyakusanya mahali pamoja, kuyapima, na kuyauza kwa jumla. Wanachama wa chama hicho ni wanawake, na viongozi ni wanawake. Tena maziwa yao yalifika hata mashuleni, watoto wakanywa. Wengi wetu tuliposikia habari hizo tulisema, Mbona sisi tusifanye vivyo hivyo?

Katika kijiji nifanyacho kazi, akina mama walianza wakiwa wachache. Kila asubuhi walileta maziwa chini ya mti karibu na kanisa, na gari la mnunuzi likaja kuyachukua. Walihitaji mtu wa kuandika lita za kila mmoja. Wakanitazama mimi, nami nikakubali upesi. Nilidhani ni tendo la upendo. Kwani mimi nimesoma, nina kalamu, na kila asubuhi nipo hapo hapo. Wanawake vijana kati yao walikuwa wamemaliza shule ya msingi, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha daftari la hesabu. Na wale wazee hawakupata kusoma kabisa. Nikaandika mwaka wa kwanza, na wa pili, hata wa sita. Kila mwisho wa mwezi niliwasomea jumla, nao wakaitikia, "Asante, Mwalimu." Wala hakuna aliyeniuliza nimeipataje. Nami niliuona ukimya huo kuwa ni imani.

Mwaka wa saba, wakati wa masika, nikaugua. Siku kadha kabla ya kulala kitandani nilikuwa dhaifu, na badala ya kufungua daftari niliandika lita juu ya vipande vya karatasi, nikikusudia kuvinakili baadaye. Nilipopona nilinakili vyote nilivyoviona. Siku ya malipo ilipofika, mama mmoja mzee akasema kwamba fedha yake imepungua, kwa kuwa siku nne hazikuandikwa. Nikatazama daftari. Siku zile nne mahali pake palikuwa patupu. Nikamwambia, "Mama, daftari halina." Akasema, "Mwalimu, mimi nilileta." Wenzake wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema kwa sauti kwamba daftari halidanganyi, ila watu ndio hudanganya. Yule mama akachukua chombo chake akaenda zake, wala hakurudi tena na maziwa. Jumapili zilizofuata alikaa nyuma kanisani, karibu na mlango.

Yapata miezi mitatu baadaye nilifungua kitabu cha nyimbo nilichokitumia siku zile za homa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, mwandiko wangu mwenyewe: jina la yule mama, na lita za siku nne.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake, nikamwonyesha karatasi, nikamwomba msamaha. Kisha nikaomba tena msamaha mbele ya akina mama wote chini ya mti, na fedha yake nikailipa. Akaipokea. Akasema neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, fedha umenirudishia, Mungu akubariki. Lakini mimi sikulia kwa ajili ya maziwa. Nililia kwa kuwa daftari lilinishuhudia uongo, nami sikuweza kulisoma."

Hapo nikafahamu kosa langu lote. Kusahau karatasi lilikuwa ni tawi tu. Shina lake ni kwamba kwa miaka sita niliwafanyia kazi ambayo ilinipasa kuwafundisha. Sikuiba hata senti moja. Walakini niliwaweka akina mama wazima katika hali ya watoto wasiojua kilichoandikwa juu yao. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kwamba mali yenye daftari la mtu mmoja yaweza kupotea vivyo hivyo, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Maana mwaminifu naye huugua, huhamishwa, huzeeka na kufa.

Tena nikayakumbuka Maandiko niliyoyafundisha mara nyingi. Katika Matendo ya Mitume, wajane walipolalamika kwamba wamesahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakuishika kazi hiyo wenyewe ili wasifiwe kwa wema; waliwaambia ndugu wachague watu saba kati yao. Na Paulo alipokuwa akichukua sadaka ya makanisa, hakukubali kuichukua peke yake, bali alitaka wawepo na wengine, watu wasipate neno la kumlaumu. Ikiwa mtume alijilinda hivyo, mimi ni nani?

Basi sasa nieleze tulivyoanza upya, maana najua walimu wengi watauliza njia.

Kwanza tulichagua saa. Haifai kuwaita akina mama asubuhi, wakati wa kukama, wala jioni, wakati wa kupika. Tukapatana siku moja kwa juma, alasiri, baada ya kukata majani, kwa muda wa saa moja na nusu tu. Aliye na mtoto mchanga alikuja naye.

Somo la kwanza halikuwa kuandika. Lilikuwa swali: Chama hiki ni cha nani? Wengi walijibu, Ni cha mnunuzi, au, Ni cha Mwalimu. Tukakaa juu ya swali hilo siku mbili. Nikawaeleza kwamba chama cha ushirika si duka la tajiri, wala si sadaka ya wahisani. Kila mmoja hutoa kiingilio na kununua hisa. Na hata kama mmoja ana hisa nyingi kuliko mwenzake, siku ya kura kila mtu ana kura moja tu. Mkutano mkuu wa wanachama ndio mkubwa. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina ni watumishi wake. Na faida ibakiapo, wanachama wenyewe huamua kiasi gani kiwekwe akiba, na kiasi gani kigawanywe kwa kadiri ya kazi ambayo kila mmoja alikileta chamani.

Somo la pili lilikuwa hesabu, nasi tulitumia kokwa za maharage. Mfano wake ni huu. Mama aleta lita 4 kila siku kwa siku 30. Jumla ni lita 120. Tukisema bei ya lita ni shilingi 1,000, fedha yake ni shilingi 120,000. Chama chakata shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya usafiri, vyombo na karani. Hizo ni shilingi 12,000. Zabaki 108,000. Akiweka hisa ya shilingi 8,000, achukua nyumbani 100,000. Hesabu hii si ngumu, lakini kabla ya siku ile hakuna aliyekuwa ameiona ikifunguliwa mbele yake hatua kwa hatua. Mama mmoja alizitenga kokwa za makato upande mmoja, akazitazama, akauliza, "Hizi zimekuwa zikienda wapi miaka yote?" Nami nikamjibu moja moja mpaka akaridhika. Ilinichukua alasiri nzima, nami niliona ni haki yake.

Somo la tatu ni daftari lenyewe. Kila mama alipewa kadi yake ndogo. Lita ziandikwapo katika daftari la chama, papo hapo huandikwa na katika kadi, naye huenda nayo nyumbani. Asiyejua kusoma huonyeshwa na mtoto wake au jirani yake. Kwa hiyo habari moja yakaa mahali pawili, na moja ikikosea nyingine huisahihisha. Kila juma wanawake wawili hukaa kando ya karani, wakitazama na kujaribu, na juma lifuatalo hukaa wawili wengine. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake huwekwa na watu watatu wasio wa nyumba moja. Asipokuwapo mmoja, halifunguki.

Somo la nne ni kupima maziwa. Mnunuzi alitufundisha kutumia kipimo kiitwacho laktometa, ambacho huelea katika maziwa. Yakiwa yametiwa maji, kipimo huzama zaidi ya desturi. Siku moja kilizama katika maziwa ya mwenyekiti mwenyewe. Watu wote wakanyamaza wakimtazama msichana aliyekuwa zamu. Akatetemeka, kisha akasema, "Shikamoo, mama mwenyekiti, maziwa haya siwezi kuyapokea." Mwenyekiti akatazama kipimo kwa macho yake, akaona, akayarudisha nyumbani. Baadaye ikajulikana kwamba mtoto wake aliyamwaga kidogo njiani, akajaza maji ya mfereji kwa hofu ya kupigwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika maziwa yake yakikataliwa. Somo hilo lilitufaa kuliko hotuba kumi.

Msidhani kwamba fikira hii ya kuwafundisha wanachama ni yangu, au ni ya jana. Wale mafundi na wafumaji 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, ambao duka lao lililofunguliwa mwaka 1844 ndilo lililokuwa mfano kwa vyama vya ushirika vya nchi nyingi, hawakutosheka kuuza unga na siagi. Baada ya miaka michache walitenga sehemu ya faida yao, mbili na nusu katika kila mia, kwa ajili ya elimu ya wanachama, wakaweka vitabu na chumba cha kusomea. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1883, wanawake wa vyama vya ushirika walianzisha umoja wao wenyewe, na humo wengi walijifunza kusimama mkutanoni, kusema, na kushika madaraka, mambo ambayo zamani waliyaona kuwa ya waume zao tu.

Nchini kwetu pia jambo hili lilifikiriwa. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 kimekuwa chuo kikuu. Mwaka uliofuata kufunguliwa kwake, yaani 1964, iliwekwa idara ya kupeleka elimu ya ushirika kwa wanachama vijijini, kwa redio na kwa barua, kwa kuwa ilijulikana kwamba mkulima hawezi kuacha shamba akakae darasani mjini. Ikiwa ni hivyo kwa mkulima mwanamume, si zaidi sana kwa mama mwenye ng'ombe na watoto? Elimu na imfuate alipo.

Labda mtu atasema, Akina mama wa kijiji changu hawajui kusoma hata herufi moja, kwao haiwezekani. Namjibu kwa habari za Niger, nchi kavu iliyo mbali nasi, upande wa magharibi wa Afrika. Huko, mwaka 1991, shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa vijijini vikundi vya kuweka na kukopeshana, na wengi wao hawakujua kusoma. Basi walishika hesabu kwa kichwa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na jumla hutajwa kwa sauti. Kila mmoja huikumbuka, na mkutano ufuatao huanza kwa kuitaja tena kabla sanduku halijafunguliwa. Desturi hiyo ya vikundi imeenea katika nchi nyingi, nasi twaijua hapa kwetu. Basi, aliyekosa herufi hakukosa kumbukumbu. Kinachotakiwa ni kwamba kila kitu kifanywe mbele ya macho ya wote.

Sasa neno kwa akina baba. Wapo walionijia wakasema, "Mwalimu, unawafundisha wake zetu kutuficha fedha." Mmoja alimkataza mkewe asije tena. Sikubishana naye, nilimwalika aje yeye mwenyewe siku ya kusoma hesabu, akae nyuma, asikilize. Akaja, uso umekunjwa. Akaona jina la mkewe likisomwa, lita zake, makato yake, na zilizobaki. Njiani akaniambia polepole kwamba hakujua ng'ombe yule mmoja huleta kiasi hicho. Juma lililofuata alionekana akishuka tambarare na panga, kumsaidia mkewe kukata majani. Sisemi kwamba kila nyumba imekuwa hivyo. Wapo wengine ambao mpaka leo hudai kadi ya mke na kuchukua yote, na mama hulia. Kwa hao nasema: fedha ya mama kwa kawaida huonekana mezani na katika mkoba wa mtoto wa shule. Aichukuaye kwa nguvu awanyang'anya watoto wake mwenyewe, na kwa jambo hilo atajibu mbele za Mungu.

Na kwenu walimu wenzangu, wa dini na wa shule, nina neno la mwisho. Katika vijiji vyetu watu hutukimbilia tuwaandikie barua, tuwasomee hukumu, tuwashikie fedha. Ni heshima kubwa, nayo ina utamu wake. Nisiseme uongo, nami niliuonja. Lakini jihadharini na utamu huo. Ukiombwa na akina mama uwashikie daftari, usikatae kwa ukali, wala usikubali siku zote. Wape miezi michache, na katika kila mkutano kalamu iwe mkononi mwao kwa muda mrefu kuliko mkononi mwako. Wakikosea, usiifute hesabu yao. Waulize mpaka wauone wenyewe mahali walipokosea. Msichana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani bila kazi, mfundishe yeye ukarani. Na pamoja naye mfundishe wa pili, ili chama kisimtegemee mmoja. Kisha siku moja usiende. Kaa nyumbani, ukawaombee.

Mimi siku hiyo nilikaa nyumbani, nikasikia gari la maziwa likija na kuondoka. Sikuitwa. Nakiri kwamba moyo uliniuma kidogo, kama baba aonavyo mtoto wa mwisho akivuka mto bila kushikwa mkono. Kisha nikamshukuru Mungu.

Yule mama mzee alirudi chamani. Hajui kusoma mpaka leo, ila tarakimu amejifunza zote, na jina lake hulitambua alionapo. Kila mwisho wa mwezi, hesabu ikisomwa, yeye ndiye asimamaye kwanza na kadi yake mkononi. Huweka kidole juu ya kila tarakimu, akilinganisha na daftari, polepole, na watu wote humngoja mpaka amalize. Akimaliza husema, "Ndivyo." Hapo ndipo mtunza hazina afunguapo sanduku.

Mungu azibariki nyumba zenu, na kazi ya mikono ya akina mama. Amina.